Gurudumu la Nyuma Halitoki

Spring Grove, Minnesota
16 Februari 1987

Orlin,

Ningekusalimu kwanza kama watu wastaarabu wanavyofanya, lakini nina grisi mpaka kwenye nyusi na ustaarabu wenyewe umenitoka. Kaka yako Milo anaendeleaje na nyonga? Mwambie mtu wa umri wake hapandi juu ya paa la trela anamoishi kufagia majani ya mtende. Na wewe unayemuuguza huko Arizona, kula mboga. Basi, salamu zimeisha.

Barua yako imefika, ila nirudie habari niliyokupigia simu, maana hiyo simu ya kambini kwenu iko ofisini, kila mzee anasikiliza, na wewe ulikuwa unapiga kelele tu, "Nini? Nani?" Binti yako Marit amejifungua mtoto wa kike. Anaitwa Inga. Ubatizo ni Jumapili ya Pentekoste, tarehe saba Juni, kwao Salem, Oregon. Ametualika. Ameandika kwa mkono wake mwenyewe, "wewe na Baba." Tangu siku ya harusi yake, miaka minne sasa, hajawahi kuliandika neno hilo. Ulikuwa unarudi kutoka kwenye mkutano wa waendesha pikipiki, ukasema maji yamefunika barabara kule Kadoka, na yeye akasimama mlangoni mwa kanisa akikungoja mpaka mchungaji akaanza kukohoa. Mwishowe mimi ndiye niliyemshika mkono. Wewe ulifika keki imeshaliwa.

Sasa amekunjua moyo, na wewe umejibu nini? Kwamba utakwenda kwa pikipiki au hutakwenda kabisa. Kwamba tairi la nyuma limekwisha. Kwamba kwa vile wewe uko huko mpaka Mei, mimi nilitoe gurudumu hapa nyumbani nilipeleke kwa mtu wa matairi. "Kazi ya asubuhi moja," umeandika. Haya. Mimi nimewapikia watoto wa shule miaka ishirini na miwili, siogopi chuma.

Nimeisimamisha pikipiki kwenye stendi kubwa. Nimetoa masanduku yote mawili ya pembeni. Nimelegeza ekzosi, ikaniangukia kwenye kidole gumba. Kibano cha breki nimekining'iniza kwa waya wa hanga kama ulivyoagiza, na pedali sijaigusa. Halafu nikafika kwenye nati ya ekseli na hapo ndipo nilipokwama. Haishikiki, Orlin! Pembe zake zote zimetafunwa. Spana inateleza kama imepakwa siagi. Kuna mtu ameipiga nati hii kwa patasi na nyundo. Nani?

Gereji ina baridi ya kupasua meno. Asubuhi ya nne hii.

Ardis


Apache Junction, Arizona
24 Februari 1987

Mke wangu,

Milo anakusalimu. Anatembea kwa fremu yake ya kutembelea mpaka kwenye kisanduku cha barua na kurudi, akijisifu kama kavuka jangwa. Mimi napika. Jana nilipika viazi na nyama ya kusaga, nikaweka supu ya uyoga ya kopo juu, nikaoka kama unavyofanya wewe. Milo akauliza kama ni dawa ya nyonga.

Kuhusu nati: ni fundi mmoja wa barabarani, zamani, sikumbuki wapi. Watu hawana adabu na vyombo vya wenzao. Chukua spana kubwa ile ya bomba iliyopo ukutani, iume vizuri, halafu valisha mpini wake bomba refu upate nguvu. Ikigoma, ipashe moto kwa taa ya kuyeyushia rangi, ila uwe mbali na tenki. Itaachia.

Ekseli ikishatoka, kazi imekwisha. Gurudumu linadondoka lenyewe mikononi. Unalisukuma kidogo kando liachane na meno ya shafti inayolizungusha, tap, unalo. Nimelitoa kwa mikono yangu hii, najua ninachosema.

Nimefurahi kuhusu mtoto. Kweli nimefurahi. Ila usimwandikie Marit kwamba nakuja mpaka gurudumu liwe tayari. Sitaki kuahidi kisha barabara ikatae tena.

Na usimwite Verdell akusaidie. Najua yuko mtaa wa pili na ana vyombo vyote. Verdell ana mdomo.

Orlin wako


Spring Grove
9 Machi 1987

Orlin,

Nati imetoka. Imechukua wiki nzima, bomba la kitanda cha zamani cha mama yako, na maneno ambayo sikujua ninayajua. Ekseli nayo imetoka, ndefu kama mkono wangu na nzito kama jiwe la kusagia. Nimeifuta na kuiweka dirishani.

Gurudumu halidondoki.

Umesema litadondoka lenyewe. Nimekaa chini nimelitazama, halidondoki. Nikalisukuma kando, likaachana na meno, sawa, tap yako nimeisikia. Halafu? Linagota juu kwenye madigadi na chini kwenye sakafu. Tairi ni nene, nafasi ni nyembamba. Halipiti mbele, halipiti nyuma. Limekaa hapo limenitolea macho.

Nikaona niinue mkia wa pikipiki. Nikatia jeki ya gari chini ya fremu, nikazungusha. Ikapanda, ikapanda, halafu dude zima likaanza kuniinamia taratibu kama ng'ombe anayetafuta pa kulala. Kilo mia tatu na ushee, Orlin! Nililiegemea kwa bega, nikaomba Baba Yetu yote mpaka amina, mkono mmoja ukitafuta kamba ya kuanikia nguo. Sasa limefungwa kwenye boriti za paa. Mkia uko juu, na gurudumu bado halitoki, maana likipata nafasi chini linanaswa juu.

Nimemaliza mikate miwili niliyokuwa nimemwokea mchungaji kwa hasira, mimi peke yangu, na siagi.

Niambie ukweli. Ulilitoaje? Ulishika wapi, ulipinda vipi? Siku zinakwenda na Marit ameniuliza tena kama tunakuja. Nimemwambia tunangoja tairi. Mtu anayemngoja baba yake miaka minne unamwambia angoje tairi! Nimeona haya kuandika.

Ardis


Apache Junction
17 Machi 1987

Ardis mpenzi,

Unavuta kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Vuta! Shika kwa mikono miwili, weka mguu kwenye stendi, vuta kwa hasira. Mimi nakuambia lilidondoka. Halikuhitaji jeki wala boriti. Lilitoka lenyewe kama mkate kwenye chombo kilichopakwa siagi, na wewe unaelewa mikate.

Kama haliwezekani, basi. Hakuna atakayekulaumu. Nimezungumza na Milo, anasema huenda ni ishara tu kwamba mwaka huu si wetu. Tunaweza kutuma zawadi nzuri. Hapa kuna mama wa Kinavaho, wale wenyeji wa asili wa huku, anayefuma mablanketi madogo, laini sana, ya rangi ya mchanga.

Na nakuomba tena, Verdell asiingie humo gerejini.

Orlin


Spring Grove
2 Aprili 1987

Orlin Tweten,

Kaa chini kabla hujasoma. Mwambie Milo azime televisheni.

Kwanza, gurudumu limetoka, siku moja baada ya ile barua yako ya blanketi. Nilivuta kwa hasira kama ulivyoniagiza, mpaka mgongo ukalia. Wapi! Nikakaa juu ya ndoo na kulia, ndiyo, kwa sauti, na redio ikisoma bei ya nguruwe. Halafu nikasema, kama wewe hutoki, na mimi sikuachi na raha yako. Nikachukua bisibisi nikabonyeza pua ya tairi, pale pa kujazia, nikalitoa upepo wote, kwa chuki tu, nilisikie likipiga mluzi. Ule upepo ulinuka kama viatu vya zamani. Ulipokwisha nikalipiga teke. Likabonyea, likapita chini ya madigadi, likanilalia mapajani.

Siri ilikuwa ni upepo. Tairi likiwa limejaa halipiti. Likiwa tupu linadondoka lenyewe, kama mkate, kama ulivyosema.

Nikacheka peke yangu. Halafu nikaacha kucheka. Nikajiuliza, huyu mzee mbona hajui habari ya kutoa upepo? Kila tairi jipya amelivalisha dukani, pikipiki ikaingia nzima na kutoka nzima. Kama amelitoa kwa mikono yake na likadondoka, basi alilitoa mara moja tu, na siku hiyo lilikuwa na pancha. Sasa, pancha lini? Mbona hukuwahi kusema habari ya pancha?

Sikutaka kufikiria zaidi. Lakini jana ilikuwa Jumatano ya supu ya Kwaresima kanisani, na zamu ya kuosha bakuli ilikuwa yangu na Opal, mke wa Verdell. Usipandishe mori. Verdell hakuingia gerejini, na mimi sikuuliza kitu.

"Mnakwenda Oregon kweli?" Opal akasema. "Eti unafungua gurudumu mwenyewe! Mji mzima unakusema, dada."

"Wacha waseme. Limetoka. Ile nati ndiyo iliyonitoa roho, imetafunwa kama mfupa."

Akapasuka kicheko. "Si ile nati ya Kadoka! Verdell alikuwa naye, mpaka leo anaisimulia. Anasema hajawahi kumsikia Orlin akitukana Kinorwe cha babu yake namna ile. Patasi, nyundo, mpaka giza la kuamkia harusi linaingia, na yule mkulima kasimama na pikapu yake anawaangalia kama wendawazimu."

"Mkulima gani?"

"Si yule aliyekuwa anambembeleza Orlin achukue pikapu? 'Chukua gari langu, nenda kamwoze binti yako, hili dude utalirudia wiki ijayo.' Na Orlin, 'Bado kidogo, inakaribia kuachia.'" Halafu akaniona uso. Bakuli likamponyoka likarudi majini. "Ardis. Mama wee. Nilidhani unajua."

Nikamwambia najua. Nikaendelea kufuta bakuli. Nilifuta bakuli moja mpaka likapata moto.

Ulinipigia kutoka kwenye kibanda cha simu, Orlin. Ulisema maji yamefunika barabara. Mimi nikatoka na maneno hayo, nikamwambia Marit mbele ya wasimamizi wake, "Ni maji, mwanangu, Baba angefanyaje." Umenifanya mimi niseme uongo siku ya harusi ya mtoto wangu. Hukukwama. Ulipewa gari. Ukalitazama gari, ukaitazama nati, ukachagua nati.

Nina hasira ambayo sijui niiweke wapi. Nijibu.

Ardis


Apache Junction
13 Aprili 1987

Ardis,

Joto limeanza. Saa nne asubuhi huwezi kugusa kitasa cha mlango. Milo ameacha fremu, sasa ni mkongojo tu. Jirani ametuletea machungwa ndoo nzima, yaliyoivia mtini, si yale ya dukani, na mengine nimekukaushia maganda uweke kwenye mikate yako ya Pasaka, ingawa naona yatachelewa.

Hongera kwa gurudumu. Hilo la upepo sikulijua.

Paka wa kambi amezaa chini ya ngazi yetu.

Usimwambie Marit.

Orlin


Spring Grove
27 Aprili 1987

Orlin,

Sitamwambia. Si langu hilo la kusema. Lakini uniangalie hapa: na wewe usifikiri nitalifukia. Nimeisoma barua yako mara nyingi nikitafuta neno moja, samahani au hata lahaula, nimekuta paka.

Wacha nikuambie kazi ilivyokwenda, kwa kuwa ndilo jambo pekee unaloweza kuzungumza. Nimepeleka gurudumu kwa mtu wa matairi kwenye buti la gari, akavalisha tairi jipya. Akalijaza. Nikamwambia, sasa litoe tena upepo. Akanitazama kama nimekunywa. Nikamwambia, wewe litoe tu, baba.

Meno ya shafti yalikuwa makavu, na kutu nyekundu kama pilipili ya unga. Hayajaonja grisi sijui tangu lini. Nimeyasugua kwa mswaki nikayapaka. Nimeingiza gurudumu likiwa tupu, likapita vizuri, nikalisukuma mpaka meno yakakamatana, nikapitisha ekseli, nikafunga nati mpya niliyoagiza, kwa spana ya kipimo niliyoazima shuleni. Nikajaza upepo likiwa ndani. Breki nimerudisha, ekzosi nimerudisha, masanduku nimerudisha. Nimelizungusha kwa mkono, linazunguka kimya. Nati ya zamani sikuitupa.

Nilipomaliza niliketi kwenye kile kiti changu cha nyuma ambacho nimekikalia miaka yote hii nikitazama shingo yako, nikasema, loo, Ardis, umeweza. Hakuna aliyenisikia. Nilitamani ungekuwepo na sikutamani ungekuwepo.

Kwa hiyo pikipiki iko tayari. Sharti lako limetimia. Njoo katikati ya Mei, tupumzike siku chache, tuondoke. Marit nimeshamwandikia kwamba tairi limekamilika.

Ardis


Apache Junction
8 Mei 1987

Ardis mpenzi,

Umefanya kazi kubwa na nakuvulia kofia. Lakini nifikirie na mimi. Hii ni safari ya kuvuka milima, mizigo imejaa, na wewe nyuma yangu. Siwezi kupanda gurudumu nisilolifunga mwenyewe. Si kwamba sikuamini. Ni mazoea ya mtu aliyeendesha lori la maziwa maisha yake yote. Nikija itabidi nilitoe tena, nikague meno, nilirudishe, halafu nilijaribu kwa wiki moja au mbili njia za karibu. Na Milo naye daktari anataka kumwona mwisho wa mwezi, nani atamwendesha?

Ukihesabu mwenyewe utaona Juni haiwezekani. Tuseme Septemba, majani yakigeuka, barabara ni nzuri na magari ni machache. Mtoto atakuwa amekua kidogo, atakuwa na akili ya kutuona. Nitanunua lile blanketi.

Mweleze Marit vizuri. Wewe unajua kuzungumza naye.

Orlin wako


Salem, Oregon
18 Mei 1987

Orlin,

Ndiyo, umesoma sawa. Salem.

Nilipomaliza barua yako nilikwenda gerejini. Nilikuwa nimeishika mkononi, nikaisoma tena kwa sauti, pikipiki nayo isikie. Halafu nikashusha ekzosi. Nikafungua nati yangu mpya, ikatoka bila ubishi, maana niliifunga mimi. Nikavuta ekseli. Gurudumu nimeliacha palepale limeegemea kipande cha gogo, liko salama. Nikanawa, nikafunga nyumba, nikapanda treni pale Winona.

Ekseli ninayo. Nilisafiri nayo kwenye mkoba wangu wa kufumia, imefungwa kwa taulo, na ile nati ya zamani iliyotafunwa. Mzee mmoja aliyekaa karibu yangu kule Montana aliuinua mkoba anisaidie, akauliza, "Bibi, umebeba nini, reli?" Nikamwambia nimembeba mume wangu.

Sasa tuzungumze sharti lako. Ulisema utakwenda Oregon kwa pikipiki au hutakwenda. Vizuri. Pikipiki haiendi hata mpaka kisanduku cha barua bila ekseli, na ekseli iko Oregon. Kwa hiyo itabidi uje Oregon kwanza ndipo upate pikipiki ya kuendea Oregon. Mpange na Milo jinsi mtakavyolitatua.

Nimechoka, Orlin. Nimechoka kuwa posta kati yenu wawili, huku nabeba maneno yako mazuri, kule nabeba ukimya wake. Mwaka wote huu nimefikiri kinachotuzuia ni tairi, kisha nati, kisha madigadi. Ungekuwa unaogopa ukasema naogopa, ningekushika mkono nikuvushe, kama nilivyomshika yeye. Lakini unajificha nyuma ya gurudumu, na mimi nikakusaidia kulifungua nikidhani nafungua njia.

Marit hajui la Kadoka. Nimeweka ekseli mezani kwake na nati pembeni, nikamwambia ni vya baba yako. Inga ana paji la uso la kwenu, pana, lenye ubishi.

Ardis


Apache Junction
23 Mei 1987

Ardis,

Huo ni wizi. Nimekaa na barua yako siku nzima na sina neno lingine, ni wizi. Mwanamke mzima kupanda treni na ekseli ya mtu! Milo anacheka mpaka nyonga inamuuma, na mimi nimemwambia akicheka tena atajipikia mwenyewe.

Hujui umeacha nini. Pikipiki inasimama bila ekseli juu ya gogo! Ikianguka je? Nimeitunza miaka tisa. Ifunge vizuri kwenye sanduku la mbao, uipeleke posta kesho asubuhi, hapa hapa kwa anwani ya Milo. Ukishafanya hivyo tutazungumza habari za safari kama watu wazima.

Na usiseme naogopa. Siogopi. Mtu ataogopaje mtoto aliyemfundisha kuendesha baiskeli?

Ipeleke posta.

Orlin


Salem
28 Mei 1987

Baba,

Mama hana ekseli. Ninayo mimi. Amesoma barua yako akanipa, akasema, "Jibu wewe, mimi nimestaafu," akaenda kumwogesha Inga.

Nimeipima mkononi. Ni nzito kuliko nilivyodhani. Na hii nati nimeigeuzageuza jikoni wiki nzima. Nimemuuliza Mama ilikuwaje ikatafunwa hivi, akasema swali hilo si lake, nikuulize wewe. Kwa hiyo nakuuliza. Nilipomwuliza alikuwa anakunja nepi, na mikono yake ikasimama, ndiyo maana najua ni swali kubwa.

Posta iko ng'ambo ya barabara, naiona kutoka dirishani. Leo nimevaa viatu mara mbili nikaipeleke, nikavivua. Nina hasira na wewe, Baba. Nimekuwa nazo muda mrefu mpaka nimezizoea kama samani za nyumba. Lakini juzi Inga alikuwa hataki kulala, nikajikuta namwimbia ule wimbo wako wa lori la maziwa, na nikakosa ubeti wa tatu. Mama naye haujui.

Ubatizo ni saa nne asubuhi. Nikituma ekseli, nitajua hutakuja. Kwa hiyo niambie tu, niitume au nisiitume.

Marit


Apache Junction
1 Juni 1987

Marit,

Usiipeleke posta.

Barua yako imefika leo mchana na nimekwenda mjini moja kwa moja kukata tiketi ya basi, sijabadili hata shati. Milo anasema kwa daktari atapelekwa na jirani, au hatapelekwa, niende zangu. Suti yangu iko Spring Grove. Nimevaa yake, mikono inaniishia hapa karibu na kiwiko, utanisamehe mbele ya watu.

Ile siku maji hayakufunika barabara. Hilo ndilo jibu la nati. Yaliyobaki siyaandiki, si kwa kuyaficha, nimeshayaficha vya kutosha, ila kwa sababu nataka uwe unaniangalia nikiyasema. Halafu utasema utakalo na nitakaa nisikilize. Mama yako ameandika kwamba naogopa. Mwambie ndiyo.

Basi linafika Salem Ijumaa saa tisa alasiri. Sitakuja nyumbani kwako bila kuitwa. Kituoni pana mabenchi, nimeuliza. Kama una kazi, au mtoto amelala, au bado hujaamua, usiharakishe. Safari hii acha mimi ndiye nikungoje.

Baba